Kiti cha Kushoto

Gari jipya lilifika Nakuru juu ya lori, limefunikwa turubai, na mtu wa kwanza kulichungulia alikuwa Kiptanui. Alifungua boneti ya mbele akakuta tairi la akiba. Akazunguka nyuma, akafungua buti, akakuta nafasi ya kutosha begi moja. Akasimama pale akijifuta mikono kwa kitambaa, akimtazama Lalit kama mtu aliyeuziwa debe tupu.

"Injini mliisahau Nairobi?"

Lalit, mtoto wa Mohanlal mwenye duka la magari mjini, alicheka mpaka akashika paa la gari. "Iko katikati, fundi. Hapa, nyuma ya viti. Dereva anaibeba mgongoni."

"Kama mama na mtoto."

"Mtoto anayelia," Lalit alisema, akaliwasha. Mlio ulijaa gereji nzima na spana zikatetemeka ukutani.

Gurbachan Singh, mwenye gereji, alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Ufundi alijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu na kuvifunga tena mpaka avielewe, na hakupenda kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakishika. Aliinama, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu. Injini ilikuwa pale kweli, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, imejificha kama kiini katika yai.

Mpango ulikuwa wazi. Gurbachan alikuwa ameshinda mara tatu mashindano ya kupanda mlima wa Dundori kwa gari lake la zamani, lile la rangi ya maziwa ambalo injini yake ilikaa nyuma kabisa, na ambalo watu wote kati ya Gilgil na Molo walilitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Sasa Mohanlal alitaka apande mlima kwa magari yote mawili, ayalinganishe, kisha aseme lipi bora. Akichagua jipya, angeshindana nalo mwezi wa Oktoba kwa jina la duka, na la zamani lingechukuliwa na Mohanlal kuwa sehemu ya bei. Tayari kulikuwa na mtu wa Kisumu aliyelitaka. Akichagua la zamani, jipya lingerudi lilikotoka. Jibu lilitakiwa Jumamosi.

"Anko, hapa hakuna hata la kufikiria," Lalit alisema. "Lako ukiinua mguu kwenye mafuta katikati ya kona, mkia unakuja mbele kukusalimia. Hili halina mkia."

"Tutaona."

"Utaona nini? Dunia nzima imeshaona!"

"Mimi bado," Gurbachan alisema, na Kiptanui akageuka upande wa ukuta ili Lalit asimwone akicheka.

Kuna jambo ambalo Gurbachan hakuwa amemwambia mtu yeyote. Ndani ya gari la zamani alikuwa akimsikia kaka yake.

Pritam alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, kwa ugonjwa wa figo, kitandani, akiwa amefungwa kilemba safi na mke wake Jasbir akimshika mkono. Hakufa barabarani. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameketi kiti cha kushoto cha lile gari kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kumsomea mdogo wake njia. Hakuandika kitu. Barabara zote alizihifadhi kichwani, na alizisoma huku akitafuna mbegu za shamari, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitunguu sokoni. Kushoto kali, mawe ndani. Kulia ndefu, inafunguka. Usiguse breki, Bachan. Nimesema usiguse.

Miezi michache baada ya msiba, Gurbachan alilitoa gari peke yake ili ajaribu breki. Alipopita Lanet na barabara ya changarawe ikaanza kuinuka kuelekea Dundori, alisikia harufu ya shamari. Halafu, kabla ya kona ya kwanza, ile sauti ikasema bila haraka, "Kushoto, mashimo nje. Kaa ndani."

Alikaa ndani. Mashimo yalikuwepo.

Tangu siku hiyo hakutaka mtu mwingine kiti cha kushoto. Kwa kuwa springi za gari zilikuwa zimepangwa kwa uzito wa watu wawili, aliweka pale gunia la viazi, akalifunga mkanda. Viazi vilipoanza kuchipua vilipelekwa jikoni na gunia jipya likaletwa. Mjini watu walisema yule Kalasinga anaogopa kuua mtoto wa mtu. Aliwaacha waseme. Sauti haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba ilikuja ndani ya gari lile tu, na ilipokuja, ilikuwa haijui kwamba kuna kilichobadilika. Pritam hakuuliza habari za nyumbani wala hakumtaja mke wake. Alisoma njia tu, kama mtu ambaye hajaambiwa.

Jumatano walianza kazi. Gurbachan alifanya kama alivyofanya siku zote: mafuta kiasi kilekile katika matangi yote mawili, upepo wa tairi ukapimwa asubuhi kabla jua halijazipasha moto, gunia lilelile likahamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Njia ilikuwa moja, kutoka chini pale Lanet mpaka mahali wakulima wanapokusanya madebe ya maziwa. Kiptanui alipanda mapema kwa pikapu, akasimama juu na saa ya mbio, akimwona Gurbachan tangu kona ya chini kwa vumbi lake.

Alianza na la zamani. Njia nzima sauti ilimtangulia kidogo, nusu kona mbele, na yeye akafuata. Kwenye kona kali mkia wa gari ulitaka kutoka. Alikuwa ameshauzoea kama mtu anavyozoea goti baya, akaushika kwa mguu, akaendelea. Alifika juu vumbi likiwa bado limening'inia bondeni nyuma yake.

Kisha jipya.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba lilikuwa gari zuri kuliko yote aliyowahi kuendesha. Alikiri hivyo mapema kwa sababu hakuwa mtu wa kujidanganya. Uzito wote ulikuwa katikati, karibu na nyonga zake, na lilipogeuka liligeuka lote kwa pamoja, kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba. Mbele halikuwa jepesi, na nyuma hapakuwa na kitu cha kumvuta. Aligeuza usukani na likaenda, akaugeuza tena na likaenda.

Jambo la pili lilikuwa ukimya. Injini ilipiga kelele sikioni pake, lakini ndani ya kelele hiyo hapakuwa na mtu. Alifika kona ya kwanza akasubiri. Hakuna aliyesema kitu. Kona ya pili akasubiri tena, mguu ukiwa umeinuka kidogo tu. Gunia lilikaa pembeni yake kama gunia. Njia aliyoipanda miaka yote ikawa ngeni, kila kona ikimtokea ghafla kama mtu anayechomoza gizani.

Juu, Kiptanui alitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Mzee, mimi sielewi. Hii gari imekata kona safi, hata mawe haijarusha. Ile yako ilikuja hapa imelala ubavu kama fisi. Lakini saa inasema ile yako ndiyo ilikuwa mbele."

"Mbele kwa kiasi gani?"

"Sekunde tisa. Kwa mlima huu, si kidogo."

"Tutarudia."

"Turudie mara ngapi?"

"Mpaka tuelewe."

Walirudia Jumatano na Alhamisi. Walibadilisha jambo moja kila mara, tairi, halafu muda wa siku, halafu lipi litangulie. Jibu lilikuwa lilelile. Jipya lilikuwa bora kwa kila kitu isipokuwa saa. Alhamisi jioni Lalit alipita gerejini, akasikia matokeo, akakaa juu ya tairi kuukuu bila kujali suruali yake.

"Anko, labda unazeeka."

"Wewe nawe," Kiptanui alisema. "Anazeeka kwa gari moja tu, kwa ile nyingine anakuwa kijana?"

Gurbachan hakucheka. Alijua tatizo, naye alijua kwamba hawezi kulisema. Ulinganisho wake ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndani ya gari moja walikuwa watu wawili, na ndani ya jingine mtu mmoja na viazi. Fundi wa kweli angemweleza Lalit hivyo, achague jipya, amalize. Lakini akisema jipya, Jumamosi gari la rangi ya maziwa lingeenda Kisumu, na yeye angebaki hana kaka.

Ijumaa asubuhi, Jasbir alileta chai gerejini. Alikuwa bado anakaa nyumba ile ile nyuma ya gereji, na Gurbachan alimwita Bhabi, kama mke wa kaka mkubwa anavyoitwa kwao. Aliweka birika juu ya meza ya kazi, akatazama magari mawili yaliyosimama bega kwa bega.

"Lipi?"

"Bado."

"Saa inasema nini?"

"La zamani."

"Na wewe unasema nini?"

Gurbachan alimimina chai. Jasbir alikaa kwenye kiti cha Kiptanui, ambaye alikuwa ameenda kutafuta bolti mjini.

"Wiki iliyopita nilikuwa naanika nguo," alisema. "Uliingiza gari. Ukazima. Halafu ukasema, 'Asante, Paaji,' kama ulivyomwita kaka yako. Ukatoka ukafunga mlango polepole, kama kuna mtu analala."

Chai ilimwagika kwenye sahani. Gurbachan aliifuta kwa kitambaa cha grisi, akaharibu sahani pia.

"Tangu lini?" Jasbir aliuliza.

"Tangu mwaka ule wa msiba."

"Anasema nini?"

"Njia. Ananisomea kona."

"Kona tu?"

"Kona tu, Bhabi."

Nje treni ya mizigo ilipita, na Jasbir alisubiri behewa la mwisho lipite. "Miaka kumi na moja ya ndoa," alisema, "na anarudi kusema kona." Aliangua kicheko, kikamkatikia njiani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mtu yule. Hata akiwa hai nilimuuliza siku moja kama ananipenda, akaniambia zima taa."

Gurbachan hakujua aangalie wapi.

"Toa hilo gunia," Jasbir alisema.

"Bhabi, barabara ni mbaya."

"Kesho linaondoka au haliondoki?"

"Sijui."

"Basi leo toa gunia."

Walipita Lanet kwa gari la zamani, ukungu wa Julai ukiwa bado umelala juu ya milima. Jasbir alikaa kiti cha kushoto, mkoba mapajani, mtandio umefungwa chini ya kidevu. Gurbachan aliendesha kwa wasiwasi wa aina mbili. Akisikia yeye peke yake, basi Jasbir angeumia, na pengine angeamini kwamba shemeji yake amerukwa na akili. Akisikia Jasbir pia, basi kile kidogo alichokuwa nacho kisingekuwa chake peke yake tena, na kwa haki kilikuwa cha Jasbir. Alijionea aibu kwa kuwaza hivyo.

Barabara ilianza kuinuka. Harufu ya shamari ikaja.

"Unasikia harufu?" aliuliza.

"Ya petroli."

"Kushoto, mashimo nje," sauti ilisema. Ilitoka palepale Jasbir alipokuwa amekaa, kana kwamba kiti hakina mtu. Gurbachan alikaa ndani. Alimwangalia Jasbir kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kwa nguvu zote, na uso wake ulikuwa mtupu.

"Amesema?"

"Amesema."

"Mimi sijasikia kitu."

Waliendelea kupanda. Kila sauti iliposema, Gurbachan aliitikia kwa kichwa kidogo, na Jasbir aliitikia kwa chake baadaye, kama mgeni kanisani anayefuata wengine. Walifika mahali pa madebe ya maziwa, ambapo majaribio yote yalikuwa yakiishia, naye Gurbachan akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame," Jasbir alisema. "Bado sijasikia. Endelea."

"Sijafika huko juu tangu..."

"Yeye anaijua. Si ndiyo? Endelea."

Aliendelea. Huko juu ukungu ulikuwa mzito, na mashamba ya viazi yalionekana vipande vipande, safu mbili tatu za kijani kisha hakuna. Sauti haikusita hata kidogo. Ilionekana hata kuchangamka, kama Pritam alivyochangamka zamani wakifika sehemu za mwendo wa kasi. "Kulia ndefu, inafunguka. Kanyaga. Kilima, shika katikati." Gurbachan alikanyaga. Kila kilichosemwa kilikuwepo. Gari lilipiga mbio ndani ya weupe ule, naye akasahau kuogopa, akasahau Lalit na Kisumu, akasahau hata nani alikuwa kiti cha kushoto.

"Moja kwa moja," sauti ilisema. "Daraja. Usiachilie, Bachan. Moja kwa moja."

"Kulia," Jasbir alisema.

Hakumsikia vizuri. Alikuwa akisikiliza kwingine.

"Kulia! Watu wanapita kulia! Bachan, hakuna barabara!"

Alikuwa amewaona yeye, wanawake watatu wenye magunia mgongoni, wakikata upande wa kulia ndani ya ukungu, mahali ambapo barabara haikuwa ikipita zamani. Mbele palikuwa na rundo la udongo lenye nyasi na pipa lililopakwa chokaa, na nyuma yake hakuna kitu. Mvua za masika zilikuwa zimelibeba daraja, na watu wa barabara walikuwa wamechonga njia mpya kando.

"Moja kwa moja," sauti ilirudia, imetulia, ina hakika. "Nimesema usiachilie."

Kwa muda mfupi Gurbachan alikuwa na wasomaji wawili, na mmoja wao hakuwahi kumdanganya hata mara moja maishani mwake. Kisha mkono mdogo wenye bangili ya chuma ukashika usukani kutoka kushoto, ukauvuta upande wa Jasbir. Ulikuwa upande usio sahihi, kwa maana alivuta tu bila kujua, lakini mkono ule ulikuwa na joto, nalo joto lile ndilo lililomwamsha. Akaupindua usukani kulia. Akainua mguu katikati ya kona, kosa ambalo gari lile halikusamehe, na mkia ukazunguka mbele kama Lalit alivyosema. Dunia nzima ikapita dirishani, wanawake, pipa, ukungu, wanawake tena. Walipiga kitu laini. Injini ikazimika.

Walikuwa wamesimama kinyumenyume katikati ya safu za viazi, hatua chache kutoka ukingoni. Korongo lilikuwa pale chini, limejaa ukungu. Wale wanawake walikuwa wametupa magunia na walikuwa wakikimbia kuja, mmoja akipiga kelele kwa Kikuyu kuhusu shamba lake.

"Umeumia, Bhabi?"

"Sijaumia. Wewe?"

"Hapana."

Halafu Gurbachan aliinua kidole, si kwa kumnyamazisha bali kusikiliza. Sauti haikusimama gari lilipozimika. Ilikuwa imetoka garini, imepita juu ya rundo la udongo na juu ya daraja lisilokuwepo, na sasa ilikuwa ng'ambo ya korongo, ikiendelea kusoma. Haikujua kwamba imewaacha.

"Ameenda," Gurbachan alisema. "Yuko upande ule. Bado anasoma."

Jasbir alifungua mlango akateremka, viatu vikazama udongoni. Alisimama akielekea korongo. "Amefika wapi?"

"Kushoto kali. Mti wa mbele ndio alama."

"Halafu?"

"Kilima. Halafu kulia mbili, zinafuatana."

Yule mwanamke mwenye shamba alifika, akaanza kuuliza nani atalipa viazi, akaona nyuso zao, akanyamaza. Aliwashika wenzake mikono wakasimama mbali kidogo.

"Kesho nitamwambia Lalit alichukue hili," Gurbachan alisema. "Lile jipya ni bora. Lilikuwa bora tangu siku ya kwanza. Nililipima vibaya."

"Mwambie kesho. Sasa nisomee."

"Sauti imekuwa ndogo, Bhabi. Kushoto ndefu. Kushoto ndefu, nadhani, inajifunga mwishoni."

Jasbir aliitikia kwa kichwa, kama anaziona kona hizo. Gurbachan alitega sikio. Palikuwa na upepo juu ya majani ya viazi, na ng'ombe mahali fulani bondeni, na chuma cha gari kikilia kikipoa. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Jasbir alikuwa bado amesimama pale, mtandio umemdondoka begani, anasubiri kona inayofuata.

Barabara ile ya ng'ambo Gurbachan aliijua. Alikuwa ameiendesha miaka mingi.

"Mteremko," alisema. "Maji chini, pita polepole. Kisha kulia." Alisema kwa sauti ya chini, isiyo na haraka, na alipofika kwenye kona aliyoisahau alifikiri kidogo, akachagua kushoto, akaendelea kumsomea mpaka Ol Kalou, mwisho wa njia.